Majembe Yaliyomsubiri Waziri

Mama yangu alikuwa mkaidi, nami ukaidi huo nimeurithi wote bila kupungukiwa hata punje. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na makosa ndani yake.

Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima huko Ngara, upande wa Kirushya, katika kijiji kilichopangwa kando ya barabara wakati watu walipoambiwa washuke kutoka kwenye migomba yao huko vilimani. Mchana niliwafundisha akina mama kuandika majina yao. Kazi yangu ya pili haikuwa na mshahara wala cheo, lakini ndiyo niliyoipenda zaidi. Kijiji kilikuwa na redio moja, ilikaa katika ofisi ya Chama. Kila kiongozi wa taifa alipotangazwa kuwa atahutubia, mwenyekiti aliniita, nikasimama mlangoni, na watu wakiwa wamekaa uani niliyageuza maneno yale kuwa Kihangaza. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya shule, ya gulio na ya ofisi. Mama angeweza kununua chumvi kwa Kiswahili, lakini hakuweza kulia msiba kwa Kiswahili.

Nilitafsiri hotuba za kilimo, za vyoo, za mbegu bora, za kuhamia vijijini. Nisiseme uongo, niliona raha. Maneno ya wakubwa yakipita mdomoni mwako, hata wewe mwenyewe unajiona umekua kidogo.

Kisha vita vikaja. Vijana saba wa kijiji chetu walipanda lori la kwenda Biharamulo, na mmoja wao alikuwa mdogo wangu, mtoto pekee wa kiume wa mama. Msimu uleule alikuwa amepewa ukanda wake katika shamba la bega kwa bega, lile shamba kubwa la kijiji ambamo kila kaya ilikuwa na kipande chake, vikipakana kama mikeka iliyotandikwa ukumbini. Alikuwa bado hajaulima. Kutoka Biharamulo aliandika barua moja tu, ukurasa mmoja, akisema wanakula vizuri, viatu vinambana, na mama asiache ukanda wake uote majani, maana akirudi hataki kuanza na aibu. Niliisoma barua ile mara nyingi sana, hadi mama akawa anaifuata kwa midomo kabla sijalitamka neno.

Vita vilipokwisha, wanne walirudi. Wawili ilikuja taarifa kwamba wamekufa. Mdogo wangu hakurudi, na taarifa haikuja.

Wale wanne hawakujua lolote kumhusu. Mmoja alisema walitenganishwa mapema, kila mmoja akapelekwa kwenye kikosi chake. Mama aliwasikiliza, akawashukuru, akawapa maharage wapeleke nyumbani, na kesho yake akaenda kulima ukanda wa mwanawe kama mwanawe alivyoagiza. Mimi nilikuwa nimekata tamaa. Zaidi ya hapo, na hili nimelificha muda mrefu, nilitaka ijulikane kwamba amekufa ili mambo yaishe. Nilichoka kumwona mama akigeuza kichwa kila lori likipita. Moyoni nilikwisha kumzika mdogo wangu, kwa siri, bila kumwambia mtu.

Hapo ndipo waziri alipohutubia. Jina lake silitaji, na cheo chake kamili kisitusumbue, mawaziri walikuwa wengi. Ilikuwa mwanzoni mwa mvua za kupandia, watu wamenoa majembe. Alizungumza redioni habari za kujenga upya nchi, na katikati ya hayo akasema kwamba vijana waliokufa vitani ni wanawe, na kwamba msiba huo ni wake kabla haujawa wa mtu mwingine yeyote. Nikayageuza kama yalivyo. Mama wa mmoja wa wale wawili waliokufa akaanza kulia kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilia mbele za watu.

Mtu asiye wa kwetu hataelewa kilichofuata, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mtu akifa, majembe yanalazwa chini. Hakuna anayelima, wala ndugu wala jirani, hadi msiba uondolewe. Na anayeuondoa ni mwenye msiba mwenyewe: ndiye anayechukua jembe kwanza, anapiga udongo, anatupia mbegu, na baada yake watu wote wanarudi mashambani. Kuanzia hapo marehemu amekwisha kwenda zake na haitwi tena. Kulima kabla ya hapo ni tusi, na wengine wanasema ni kuita kifo kingine. Kanisani tulikwenda, misa tulisoma, lakini jembe tulililaza palepale.

Wale wawili walikuwa hawajaombolezwa sawasawa. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na kaburi, wazazi wao hawakujua waanzie wapi. Sasa mkubwa wa nchi ametangaza kwa kinywa chake kwamba msiba ni wake. Mzee aliyeshika mambo ya misiba kijijini, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ambaye hakuna aliyethubutu kumkatiza, alisimama na kusema ni vyema, mwenye msiba amejitambulisha. Majembe yalazwe. Na kwa kuwa siku mbili zilizopita tulikuwa tumetangaziwa kwamba waziri huyohuyo yuko ziarani mkoani na atafika kijijini kwetu wiki itakayofuata kulima pamoja na wananchi, basi yeye ndiye atakayeuondoa. Watu wakaitikia. Hakuna aliyecheka. Lilionekana jambo la heshima na lenye mpango mzuri kuliko mipango mingi tuliyoletewa.

Mwenyekiti peke yake ndiye aliyeshika kichwa. Mvua inanyesha, amri ni kulima, na kijiji kizima kimelaza majembe. Alinifuata nyumbani akiwa amelowa, akaniuliza nilichosema pale ofisini ni nini hasa. Nikamwambia nilisema alichosema waziri. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mwalimu, serikali ikituuliza, tutajibu nini?" Maji yalikwisha kumfika shingoni.

Kijiji kizima kililaza majembe, isipokuwa mama.

Asubuhi ya siku ya kwanza alipita barabarani na jembe begani, mbele ya milango yote, mchana kweupe, akaenda kwenye ukanda wa mdogo wangu. Nilimkimbilia. Nilimwambia watu wanaona. Nilimwambia wale wenzake wamefiwa, na yeye anawatukana. Alisimama, akanitazama jinsi anavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Waliofiwa walaze majembe," alisema. "Mimi sijafiwa."

Ndipo nilipoelewa, na nikakasirika zaidi kwa kuwa nimeelewa. Akilaza jembe, atakuwa amekiri kwamba mwanawe ni mmoja wao. Alilima siku ile, na ya pili, na ya tatu. Majirani waliacha kuitikia salamu yake. Kisimani walisogeza vibuyu vyao. Mzee wa misiba alikuja mwenyewe kumwonya, akaongea naye kwa upole, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni kubwa. Mimi nilimpikia, nikamwekea maji ya kuoga, na usiku sikumsemesha. Kwao mama alikuwa mtu asiye na adabu. Kwangu alikuwa mtu anayekataa ukweli. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, nilijisemea, nami nilikuwa nimejiona mwerevu kwa kulisema.

Siku ya ziara ilifika. Gari mbili za Landrova zilipanda kilima, wanafunzi wakaimba, mwenyekiti akasoma risala ambayo nusu yake niliiandika mimi. Waziri alikuwa mtu mwenye umri wa makamo, suti ya mikono mifupi, viatu vimejaa tope hadi vifundoni. Alihutubia kwa ufupi. Alisema habari za chakula, akashukuru kijiji kwa vijana wake, akasema hatawachosha, amekuja kulima. Nilitafsiri. Alipotaja kulima, uani kote watu walishusha pumzi.

Tulikwenda shambani kwa mguu. Sura ya shamba lile siisahau. Lilikuwa eneo kubwa la majani mabichi yaliyonyeshewa mvua za siku kumi, na kando yake majembe ya kijiji kizima yamelazwa kwa mstari. Katikati ya majani yale ulikuwepo ukanda mmoja tu uliolimwa, mweusi, mabonge yake yamevunjwavunjwa vizuri. Mama alisimama mwanzoni mwake na jembe mkononi.

Katibu tarafa, aliyekuwa amefuatana na msafara, aliona majani na uso ukambadilika. Kisha akauona ukanda mweusi akapata mahali pa kujiokoa. Alimwonyesha waziri: yule pale ndiye mkulima wa mfano, mama mzee kabisa, na amewashinda vijana. Waziri akafurahi. Akasema basi ataanza hapo, pamoja na huyo mama. Wakamletea jembe lenye mpini mpya na mbegu za maharage kwenye ungo.

Nilimtazama mzee wa misiba. Alikuwa amevua kofia. Watu wote walikuwa wamevua kofia, na wanawake wameshika vichwa. Waziri alikuwa anaelekea kuondoa msiba kwenye ukanda wa mdogo wangu, na hakujua.

Alipoinua jembe, mama alilishika mpini.

Katibu tarafa alisogea kumwondoa. Waziri akamzuia kwa mkono, akauliza mama anasema nini, maana mama alikuwa anasema, kwa Kihangaza, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikaitwa mbele. Maneno ya wakubwa nilikuwa nimezoea kuyapeleka kwa watu wa chini. Kupeleka ya mama yangu kwenda juu nilikuwa sijawahi.

"Mwambie," mama alisema, "alisema waliokufa ni watoto wake. Wa kwangu asimchukue bado."

Nikamwambia hivyo. Kisha ilinibidi nimweleze yote, nikiwa nimesimama kwenye tope: majembe yaliyolala, hotuba ya redioni, msiba aliosema ni wake, siku kumi za kumsubiri, ukanda wa kijana ambaye hakuna anayejua kama yu hai. Nilieleza vibaya, nikirudia-rudia. Wakati wote huo mkono wa mama ulikuwa kwenye mpini, karibu na mkono wa waziri.

Aliponiuliza, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nilisema msiba ni wangu?"

"Ulisema, ndugu waziri. Nilitafsiri mimi."

Alitazama yale majembe kando ya shamba, mstari mzima. Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka. Hotuba hutungwa kwa wingi, na mwenye kuisoma husoma na kuondoka, wala hadhani kwamba mahali fulani karibu na mpaka watu wameyachukua maneno yake wakayalaza pamoja na majembe yao. Angeweza kucheka. Angeweza kuukemea ushirikina, kama wengi walivyokuwa wakikemea wakati huo, na katibu tarafa alikuwa tayari amefungua mdomo kumsaidia.

Alimuuliza mama jina la kijana na kikosi chake. Kikosi hatukukijua. Alitoa karatasi za hotuba mfukoni, akaandika jina mwenyewe nyuma ya ukurasa, akaniomba nilikague kama limeandikwa sawa.

"Mwambie mama sijui kama mwanawe yu hai," aliniambia. "Nikisema najua nitamdanganya. Nitatafuta. Nikijua, nitamjibu mimi."

Mama alisikiliza, akaachia mpini. Waziri akamgeukia mzee wa misiba, akauliza afanye nini. Mzee akasema, kupitia kwangu, kwamba wale wawili wamesubiri vya kutosha na mvua haimsubiri mtu. Basi waziri akauzunguka ukanda wa mdogo wangu, kwa uangalifu, bila kukanyaga hata bonge moja, akaenda kwenye kanda za kaya mbili zilizofiwa. Alipiga jembe. Mikono yake ilikuwa imesahau kazi hiyo, tuliona. Akatupia mbegu, akafukia kwa mguu. Wazazi wa wale wawili wakafuata, kisha watu wote wakaokota majembe, na shamba likaanza kusikika.

Jioni redio ilitangaza kwamba waziri ameshirikiana na wananchi wa wilaya ya Ngara katika kilimo na kuwahimiza waongeze bidii. Mimi ndiye niliyetafsiri. Watu walisikiliza hadi mwisho, wakarudi nyumbani.

Nilidhani imekwisha hapo. Ahadi za viongozi nilizitafsiri nyingi, na nilijua zinavyoyeyuka gari likishavuka daraja. Mama hakuniuliza hata mara moja kama jibu limekuja. Alilima ukanda ule msimu baada ya msimu, akavuna, akanigawia nusu, na nusu nyingine akaiweka kwenye ghala dogo la mdogo wangu. Majirani walirudi kumsalimia, polepole, kama mtu anavyorudi kwenye njia iliyobomoka akipima kila hatua.

Barua ilikuja msimu wa nne. Ilipitia wilayani, ikakaa ofisi ya kata, ikamfikia mwenyekiti, ambaye aliileta mwenyewe akiwa amefunga kifungo cha shati hadi shingoni. Nilipomfungulia mlango, alinipa bahasha bila kunitazama. Barua ilikuwa imepigwa chapa kwa mashine: jina la mdogo wangu, kikosi chake, mahali alipofia na mahali alipozikwa pamoja na wenzake. Alikuwa amekufa mapema, kabla wale wanne hawajarudi. Chini, kwa wino, kwa mwandiko niliouona mara moja tu nyuma ya karatasi ya hotuba, palikuwa na maneno machache. Aliandika kwamba aliahidi kujibu mwenyewe, na kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa.

Nilimsomea mama. Aliniomba nirudie yale ya wino. Nikarudia.

"Ameandika yeye?"

"Yeye mwenyewe, mama."

Aliinuka, akachukua jembe lake lililokuwa limeegemea ukuta, akalilaza chini, katikati ya mlango. Kisha akakaa.

Mvua ilikuwa imeanza wiki hiyo na amri za kilimo zilikuwa zilezile. Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikawaona majirani wa upande wa juu wamekaa mbele ya nyumba yao, majembe chini. Na wa upande wa chini. Yule mama aliyelia siku ya hotuba alifika wa kwanza, akakaa karibu na mama, bega kwa bega, akakaa siku zote. Mzee wa misiba alikuwa amezeeka sana, alikuja akishikiliwa na mjukuu. Hakuna aliyetaja yale ya zamani. Mwenyekiti alipita barabarani siku ya tatu, akatazama, akaendelea na safari yake.

Mimi sikulia. Nilipokea wageni, nikachota maji, nikaonekana mtu imara, na watu wakanisifu.

Siku ya kuondoa msiba tulikwenda wote kwenye ukanda. Ulikuwa umeota majani kwa mara ya kwanza tangu mdogo wangu apande lori. Mama alisimama mwanzoni, watu wamevua kofia, ungo wa maharage uko chini. Nilisubiri apige udongo. Badala yake aligeuka, akanipa jembe.

Nilimwambia mwenye msiba ni yeye, aanze yeye. Alinisogelea hadi karibu, ili wengine wasisikie.

"Wewe ulimzika kwanza," alisema. "Miaka yote hii nilikuwa nakuona. Anza."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amejua tangu mwanzo, tangu siku zile za kutomsemesha usiku, na alikuwa amelima peke yake akijua kwamba hata ndani ya nyumba yake mwanawe amekwisha kuzikwa. Nilishika mpini. Nilipiga udongo mara moja, na mara ya pili sikuweza, nikakaa chini palepale kwenye majani na kumlilia mdogo wangu mbele za watu wote, kwa sauti, kwa Kihangaza. Mama alisubiri. Nilipomaliza aliniinua, akatupia mbegu, tukalima ukanda ule pamoja hadi mwisho wake.